Maswali ya Wasomaji: Familia za Ukraine, kibali cha muda na maisha yasiyo ya muda

Barua za safari hii zimetoka Kibosho, Usa River, Sakina, Tengeru na Moshi mjini. Zote zinawahusu watu waliokimbia vita ya Ukraine mwaka 2022. Miaka imepita, watoto wamekua ugenini, na bado karatasi zao zinawaita watu wa muda. Pale ambapo mtu anaweza kupoteza haki kwa kuchelewa tumejibu kwa urefu; kwingine tumefupisha.

Kijana wangu alisoma uhandisi Kharkiv, akaoa huko, na Mungu amewajalia watoto wawili. Vita ilipoanza walikimbilia Leipzig, Ujerumani. Mkwe wangu alikuwa muuguzi wa hospitali. Leo anasafisha vyumba hotelini. Wanasema kibali chao kinaisha tarehe 4 Machi 2027. Je, siku hiyo watafukuzwa? Nimwambie kijana arudi nyumbani? – Baba mzazi, Kibosho

Shikamoo mzee. Usimwambie arudi kwa sababu ya tarehe hiyo peke yake. Mwambie asiingoje.

Kibali walicho nacho kinaitwa hifadhi ya muda. Umoja wa Ulaya uliitungia kanuni mwaka 2001, baada ya vita vya Yugoslavia, ikakaa kabatini miaka ishirini na zaidi. Ilitumika kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2022, na tangu hapo imekuwa ikiongezwa muda kidogo kidogo hadi kufikia hiyo 4 Machi 2027. Uzuri wake ni kwamba inatolewa kwa kundi zima: hakuna kuhojiwa mmoja mmoja, mtu anaruhusiwa kufanya kazi, kutibiwa na kupeleka watoto shule. Zaidi ya watu milioni nne wanaitumia, wengi wao wakiwa Ujerumani, kisha Poland, kisha Jamhuri ya Cheki. Ubaya wake ni kwamba haimpeleki mtu popote. Ukae nayo mwaka mmoja au mitano, wewe bado ni wa muda.

Kwa Ujerumani hilo liko wazi kisheria. Tangu Juni 2024 mtu anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, lakini mwenye kibali cha kifungu cha 24, yaani hiki cha hifadhi ya muda, hawezi kuomba akiwa bado nacho. Abadili kibali kwanza. Ndiyo maana tunasema wasingoje.

Kabla ya hayo, kijana wako aangalie faili lake mwenyewe. Yeye ni Mtanzania. Hifadhi hii ni ya raia wa Ukraine, ya waliokuwa na hifadhi ya ukimbizi au ukaazi wa kudumu huko kabla ya tarehe 24 Februari 2022, na ya wenzi wao na watoto wao. Wanafunzi wa kigeni na wenye vibali vifupi waliachiwa uamuzi wa kila nchi. Uholanzi, kwa mfano, baadaye iliwaondoa. Kwa hiyo aulize ofisi ya wageni ya Leipzig kama faili lake limeandikwa mume wa raia wa Ukraine au mwanafunzi wa zamani wa Kharkiv. Kama ni la pili, apeleke cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, arekebishiwe mapema. Na ajue kwamba akisajiliwa kama mume, karatasi yake inaning'inia kwenye ya mkewe. Mke akirejea Ukraine moja kwa moja, au ndoa ikivunjika, msingi wa kibali unatetereka.

Njia mbili za kubadili ndizo zinazofaa familia nyingi. Ya kwanza ni kibali cha mtaalamu au fundi mwenye cheti kilichotambuliwa Ujerumani na mkataba wa kazi unaolingana nacho. Ya pili ni mafunzo ya ufundi yanayolipwa, yale ambayo vijana wetu wengi wanayajua kwa jina la Ausbildung. Zote zinadai pasipoti iliyo hai na kipato kinachoitosha kaya bila kutegemea msaada wa serikali.

Sasa mkwe wako. Kuosha vyumba kwa muuguzi si bahati mbaya yake peke yake. Kuna mtego na una mahali pake. Mgeni anaingia kozi ya ujumuishwaji: vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na desturi za nchi, kila kipindi dakika 45. Mwisho wake ni kiwango cha lugha kinachoitwa B1. Muuguzi anatakiwa B2, ngazi moja juu yake. Kati ya B1 na B2 ndipo wengi wanapopotelea: kodi ya nyumba inadai, hoteli inatoa kazi leo leo, zamu zinabadilika kila wiki, darasa la B2 lina saa zake maalumu, mtoto mdogo hana nafasi chekechea. Mama anaacha darasa "kwa muda", na mwaka unapita.

Kinachosaidia ni kupanga upya mambo. Maombi ya kutambuliwa cheti cha uuguzi hayasubiri B2. Cheti cha lugha huhitajika mwishoni, leseni inapotolewa. Basi aombe sasa hivi kwa mamlaka ya jimbo la Saxony. Atahitaji diploma, kiambatisho chake kinachoonyesha saa za kila somo na za mafunzo ya wodini, kitabu cha kazi cha Ukraine kinachoonyesha miaka aliyofanya kazi, pasipoti, na tafsiri rasmi ya kila kimoja. Kiambatisho cha saa ndicho kinachokwamisha maombi mengi, maana vyuo vya Kharkiv vilipigwa mabomu au kuhamia miji mingine. Hata hivyo vingi vinajibu barua pepe kutoka ofisi zao mpya, na nakala yenye muhuri huweza kutumwa.

Jambo dogo linalosumbua kupita kiasi ni tahajia ya jina. Herufi za Kiukraine zikihamishiwa za Kilatini, jina moja linatoka Hanna kwenye pasipoti, Ganna kwenye cheti cha ndoa cha zamani, na Anna kwenye diploma iliyotafsiriwa haraka. Karani akiona majina matatu anaona watu watatu. Mfasiri aelekezwe kufuata pasipoti, na aandike kwa maneno kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Jibu la mamlaka litakuja kwa barua inayotaja mapengo. Hapo atachagua: kozi ya kujazia, au mtihani wa maarifa wenye sehemu ya mdomo na ya vitendo. Huku nyuma ni afadhali aondoke hotelini aingie hospitali au nyumba ya wazee kama msaidizi wa wauguzi. Mshahara haupishani sana, lakini Kijerumani cha wodini hakijifunzwi mahali pengine.

Kadi zao zisiwatishe zikionyesha tarehe iliyopita. Ujerumani huongeza muda wa vibali hivi kwa amri ya serikali bila kuchapa kadi mpya. Wenye nyumba na waajiri wengi hawalijui hilo. Familia itembee na nakala ya amri hiyo. Kijana wako tu ndiye ahakikishe kwa maandishi kwamba amri inamgusa, kwa sababu wasio raia wa Ukraine hawakujumuishwa wote.

La mwisho, mzee, linahusu kwetu. Ujerumani inakubali uraia wa nchi mbili, Tanzania haikubali. Kijana akichukua uraia wa Ujerumani kwa hiari yake atapoteza wa Tanzania. Watoto wake wao ni Watanzania kwa kurithi, na wanaweza kushikilia uraia huo pamoja na mwingine hadi wafikapo umri wa miaka 18. Awaandikishe ubalozini Berlin. Ni kazi ya siku moja, na wengi wanaikumbuka wakati mtoto ana miaka kumi na saba na nusu.

Nafundisha darasa la nne katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Nimeletewa mtoto wa kike kutoka Ukraine. Hisabati anaiweza lakini anaandika alama za ajabu, haongei, na asubuhi anasinzia. Mama yake anasema kila jioni anasoma shule ya kwao kwa intaneti. Nimsaidieje? – Mwalimu, Usa River

Mwalimu, usingizi ndio wa kushughulikia kwanza. Mtoto huyo ana shule mbili. Jambo hili limewachosha watoto wa Ukraine kila mahali walipopokelewa, na wazazi wanalifanya kwa hofu ya kweli: wakirudi, mtoto atapotezewa miaka. Mwambie mama kwamba Ukraine yenyewe imeruhusu njia nyepesi. Mtoto anayesoma shule ya nchi nyingine anaweza kufuata masomo ya Kiukraine tu, yaani lugha, fasihi, historia ya Ukraine na mengine machache, kwa saa sita hadi nane kwa wiki. Hisabati, sayansi na mengineyo yanahesabiwa kutoka shule anayosoma mchana. Kwa hiyo kinachotakiwa kwako ni ripoti ya kila muhula iliyoorodhesha masomo yote na alama, ikiwa na sahihi na muhuri. Taja kabisa kwamba alama zenu ni kwa mia, kwa sababu kwao wanatumia ngazi ya 1 hadi 12 na mkuu wa shule wa huko atalazimika kulinganisha.

Hizo alama za ajabu si makosa. Ukraine wanaandika desimali kwa mkato, kuzidisha kwa nukta iliyo katikati ya namba, na kugawanya kwa nukta mbili. Kwa hiyo 2,5 kwake ni mbili na nusu, na 12 : 4 ni kumi na mbili gawanya kwa nne. Ukimkata alama hapo unamnyang'anya somo pekee analojivunia. Mwonyeshe alama zenu ubavuni mwa zake kwa wiki mbili tatu, kisha mhamishe taratibu.

Kunyamaza ni kawaida kwa mtoto aliyeingizwa kwenye lugha mpya, na kunaweza kuchukua miezi. Usimsimamishe kusoma kwa sauti. Mkalishe na mtoto mwenye maneno mengi na subira. Kumbuka pia anajifunza lugha mbili kwa mpigo, maana darasani ni Kiingereza lakini uwanjani ni Kiswahili. Tungekushauri usikidharau hicho cha pili. Mtoto anayejua kusema "nipasie", "zamu yangu" na "niache bwana" anapata marafiki, na marafiki ndio watakaomfundisha Kiingereza pia. Lugha ya kucheza huja ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Ile ya kusomea historia au sayansi huchukua miaka mitano hadi saba kufikia ya wenzake. Asiyejua tofauti hiyo anamwona mtoto anapiga soga vizuri, kisha anashangaa amefeli insha, na anamwita mvivu.

Muulize mama nyumbani wanaongea nini. Familia nyingi za Kharkiv na Odesa zimekulia kwenye Kirusi, na vita imeligeuza hilo kuwa kidonda. Usikisie, na usimletee mtoto kitabu cha Kirusi ukidhani unamfariji. Kengele ya zoezi la moto apewe taarifa kabla, yeye na mama yake.

Mama mkwe wangu ana miaka 68, raia wa Ukraine. Mke wangu alimleta Arusha kwa visa ya kawaida na siku zinaisha. Nyumba yake Odesa ameiuza, anataka kubaki nasi na kununua kiwanja kidogo. Watu wananiambia avuke Namanga arudi, wengine aombe ukimbizi. – Msomaji, Sakina

Ndugu msomaji, hayo ya Namanga yaache. Visa ya kawaida ni ya kuingia mara moja na hadi siku 90. Kuvuka na kurudi mara kwa mara si ukaazi, na afisa wa mpakani ana haki ya kumkatalia. Nenda Uhamiaji mkoa kabla siku hazijaisha. Vibali vya ukaazi ni vya madaraja matatu: A ya wawekezaji na waliojiajiri, B ya walioajiriwa, C ya wengineo wakiwamo wastaafu, na kuna pia pasi ya mtegemezi. Ipi itamfaa inategemea hadhi ya mke wako hapa nchini, kama amekwisha kuomba uraia kwa ndoa au anaishi kwa kibali, kwa hiyo mwende wote watatu na karatasi zote: cheti cha ndoa yenu, cheti cha kuzaliwa cha mkeo kinachomtaja mama yake kikiwa na tafsiri, pasipoti, na uthibitisho wa fedha zake au zako za kumtunza. Maombi yenyewe hujazwa mtandaoni.

Pasipoti yake ikiwa karibu kuisha, safari ya ubalozi wa Ukraine Nairobi ipangeni vizuri. Kabla hajatoka kwa visa ya kuingia mara moja, waulizeni Uhamiaji kama anaweza kurudi nayo. Kibali cha ukaazi kikishatoka anatoka na kurudi bila wasiwasi.

Ukimbizi kisheria upo, lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba ajitokeze kwa mamlaka ndani ya siku saba tangu aingie, na mkimbizi huishi katika eneo lililotengwa, hasa kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Kwa bibi mwenye binti na chumba chake Sakina, hiyo si njia.

Kiwanja hapana. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Fedha za nyumba ya Odesa zikiingia kwenye ardhi kwa jina lako, kisheria si zake tena, na ukitangulia wewe kufa, ndugu watakaogawana hawatamuuliza. Aziweke benki kwa jina lake, alipe kodi ya pango kama anataka nyumba yake mwenyewe. Na asifanye kazi, hata ya kufundisha piano mitaani kwa malipo, bila kibali cha kazi.

Napeleka watalii makaburi ya Wapoland, Tengeru. Siku hizi wananiuliza kama wale walikuwa sawa na wakimbizi wa Ukraine wa leo, na kwa nini hawakubaki hapa. Niwajibu nini? – Mwongoza watalii, Tengeru

Kwanza uwasahihishe wanaodhani wale walimkimbia Hitler. Waliopelekwa Tengeru walikuwa wametolewa kwa nguvu na Umoja wa Kisovyeti katika mashariki ya Poland mwaka 1940 na 1941, wakapakiwa kwenye treni za mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941 wakaachiliwa, wakashukia Iran, na kuanzia 1942 wanawake na watoto wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban 5,000 na ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa zaidi. Nyingine Tanganyika zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro.

Uhusiano na leo ni huu: sehemu kubwa ya maeneo waliyotoka, Lviv ikiwamo, baada ya vita yaliingizwa Ukraine. Wengine kati ya waliozikwa hapo, ukitafuta kijiji chao kwenye ramani ya leo, utakipata Ukraine. Na wote wawili, wa jana na wa leo, ni hasa wanawake na watoto, waume wakiwa vitani.

Hawakubaki kwa sababu mbili. Waingereza hawakuwataka, serikali ya kikoloni haikupenda Wazungu maskini wakae moja kwa moja katikati ya Waafrika wanaotawaliwa. Na kambi yenyewe ilijitosheleza: shule za Kipoland, kanisa, hospitali, mashamba, hata maigizo. Iliwatunza vizuri, ikawaacha bila sababu ya kuwajua Wameru waliokuwa wanawauzia ndizi ng'ambo ya ua. Vita ilipokwisha, nyumbani kwao kumekuwa nchi nyingine, wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, na kambi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wageni wako wakitaka kulinganisha, waelekeze hapo. Waukraine wa Ulaya waliwekwa katika nyumba za mitaani, kati ya wenyeji, na watoto wao wakaingia shule za kawaida. Poland, tangu Septemba 2024, imefanya shule kuwa lazima na kuifunga na posho ya mtoto ya zloti 800 kwa mwezi.

Kwa nini Mukraine akifika Ulaya anapewa haki ya kazi siku hiyo hiyo, na Mrundi akifika kwetu anapelekwa kambini? Sisi hatuna ubaguzi tunaowalaumu nao wengine? – Msomaji, Moshi mjini

Swali lako ni la haki. Ulaya yenyewe haikuwapa Wasyria na Waafrika milango iliyowapa Waukraine, na kanuni ya 2001 ilikuwapo muda wote. Hilo ni doa, na sisi hatuna haja ya kulifunika.

Kwetu sheria inambana mkimbizi kambini, na tunaona inamkosesha yeye kipato na nchi nguvu kazi. Lakini usisahau tulichofanya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba huko, wakajilisha, wakalipa kodi, na mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia watu 162,156. Ulaya haijawafanyia Waukraine kitu cha ukubwa huo. Kilichoharibika ni utaratibu: maombi yalikubaliwa mapema, kisha vyeti vikazuiwa kwa miaka kadhaa kwa sababu serikali ilitaka kwanza watu wahamishwe na kutawanywa mikoani. Mpango huo ulipoachwa ndipo vyeti vilipotoka. Katika miaka hiyo ya katikati waliambiwa wameacha uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawakuwa nao mkononi. Wengi waliacha kupanda mazao ya kudumu na kukarabati nyumba, wakisubiri kuambiwa wanahamia wapi.